Kuanza kulehemu nyumbani: pasi gani ununue, solda gani, na ujilinde vipi (mwongozo kamili)

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. Solda inagoma kushika, inakuwa vidonge vidonge inadondoka. Ncha imekuwa nyeusi ndani ya siku chache. Njia ya shaba kwenye bodi imebanduka. Kichwa kinauma baada ya nusu saa ya kazi. Na karibu kila anayeuliza anaamini mkono wake ndo mbaya, ila ukimuuliza anatumia vifaa gani unakuta pasi ya kuchomeka tu haina kipimo cha joto, waya wa solda usio na jina, ncha haijawahi kupakwa solda tangu inunuliwe, na meza iko kwenye kona ya chumba dirisha limefungwa. Hapo hata fundi wa miaka 20 atahangaika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza redio yake, kuunganisha vikiti vya Arduino (vibodi vya kujifunzia elektroniki), kurekebisha chaja na spika, kazi za mezani. Haugusi kulehemu mabomba wala kuchomelea mageti. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke ya usalama ukidhani utairudia baadae.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujachomeka chochote

Vya lazima:

- Pasi ya solda yenye kurekebisha joto, na ncha bapa
- Waya wa solda milimita 0.6 mpaka 0.8, wenye flaksi ndani (dawa inayosafisha shaba ili solda ishike)
- Stendi nzito ya chuma
- Nyuzi za shaba za kusafishia ncha, au sponji ya pasi
- Flaksi ya elektroniki (sio ya mabomba)
- Utambi wa shaba au bomba la kufyonzea solda
- Multimita (kipimo cha umeme), hata ile ya njano ya bei ya chini
- Plaizi ndogo ya kukatia na kibano
- Miwani ya kukinga macho
- Feni ndogo
- Kigae kimoja cha sakafuni cha kuwekea kazi

Kigae nimekiweka makusudi. Watu wananunua mikeka ya silikoni ya gharama wakati kipande cha kigae kilichobaki kwenye ujenzi wa jirani hakiungui, hakiyeyuki, unakifuta kwa kitambaa kibichi unaendelea. Mkeka ni mzuri, utanunua baadae.

Kama hela haitoshi kwa vyote kwa mpigo, anza na waya wa solda mzuri na ncha nzuri, alafu pasi, vingine vifuate. Najua wengi wanafanya kinyume, wanamaliza hela yote kwenye pasi alafu solda wanaokota yoyote. Pasi ya wastani na solda nzuri zinakupa kiungo kizuri, ila hamna pasi duniani itakayoiokoa solda mbovu.

## Hatua ya 1: Chagua pasi

Ziko za aina kama 4 utakazokutana nazo Kariakoo Dar es Salaam au Luthuli Avenue Nairobi.

Ile ya kuchomeka tu, wati 30, 40 au 60, haina kirekebishio. Ndo ya bei ya chini na ndo inayowaangusha wengi. Hita yake inapokea umeme wote muda wote, kwahiyo ukiiacha mezani inapanda joto inaunguza ncha, ukigusa kitu kikubwa inapoa inashindwa. Alafu kuna jambo ambalo wauzaji hawakwambii, nguvu ya hita inashuka kwa mraba wa volti. Pasi ya wati 30 iliyotengenezwa kwa volti 230, siku umeme wa mtaani kwenu ukishuka mpaka volti 180 jioni watu wote wakiwa wamewasha vitu, unabaki na wati kama 18. Ndo maana mchana inalehemu vizuri na usiku inagoma, na wewe unadhani umesahau kazi.

Yenye kirekebishio kwenye mpini, wati 60, joto la nyuzi 200 mpaka 450 za Selsiasi. Hapa ndo namwambia kila anayeanza aanzie. Inatumia ncha za familia ya 900M ambazo zinapatikana kila duka la vifaa vya mafundi simu, na hiyo ni sababu kubwa kuliko wati, kwasababu ncha ndo kitu utakachobadilisha. Namba zilizoandikwa kwenye kirekebishio usiziamini sana, zichukulie kama makadirio.

Stesheni, yani boksi na mpini tofauti. Nyingi ni nakala za Hakko 936, stesheni ya kampuni ya Kijapani. Zina kipimajoto kwenye hita, joto linatulia, mpini ni mwepesi. Kama utafanya kazi hii kila wiki, hapa hela yako haipotei. Zile zinazotumia ncha za T12 ni bora zaidi kwasababu hita na kipimajoto viko ndani ya ncha yenyewe, zinapata moto kwa sekunde chache.

Ndogo za kisasa kama Pinecil na TS101. Zinatumia chaja ya USB-C yenye nguvu, unaweza hata kuiendesha kwa betri. Nzuri mno kwa mtu anayekaa sehemu umeme unakatika katika. Ila angalia chaja, ya simu ya kawaida ya volti 5 haifai, tafuta ya wati 65 inayotoa volti 20.

Bunduki ya solda, ile kubwa ya wati 100 yenye kifyatulio, iache kwa waya nene. Kwenye bodi ndogo inabandua shaba kabla hujapepesa macho. Na pasi ya gesi inafaa shambani au juu ya dari, ila kumbuka ina moto na inapumua hewa moto kwa pembeni, inayeyusha vitu ambavyo hukukusudia.

Umefanikiwa hatua hii kama: pasi uliyoshika ina kirekebishio cha joto, muuzaji ana ncha zake za akiba dukani, na waya wake una nyuzi 3 ndani pamoja na ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini). Hilo la ethi tunalirudia hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Ncha, ambayo watu wanaidharau

Pasi nyingi zinakuja na ncha iliyochongoka kama penseli. Inaonekana ya kazi ndogo ndogo kwahiyo mtu anafurahi. Ukweli ni kwamba sehemu inayogusa kazi ni nukta tu, joto halipiti, kwahiyo unapandisha nyuzi mpaka 430 ili iyeyushe, na hapo unaunguza flaksi, ncha na bodi kwa pamoja.

Nunua ncha bapa, kama bisibisi, upana wa milimita 2.4. Kwenye familia ya 900M imeandikwa 2.4D. Ncha hiyo moja inafanya karibu kila kitu, miguu ya rezista (kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme), waya wa spika, hata soketi za USB ukiigeuza pembeni. Ya pili ukipata hela iwe ya kisu, K.

Usipige msasa wala tupa. Ncha hizi ndani ni shaba, juu zimefunikwa tabaka jembamba la chuma, na solda inaila shaba kama sukari kwenye chai. Ukishakwangua lile tabaka, ncha inatoboka ndani ya muda mfupi na hamna dawa. Zile pasi za bei ya chini kabisa zenye ncha ya shaba tupu, ya rangi nyekundu nyekundu, hizo ndo unaweza kupiga tupa kwasababu hazina cha kulinda.

## Hatua ya 3: Waya wa solda

Kuna ya risasi na isiyo na risasi.

Ya risasi ikiandikwa 63/37 maana yake bati asilimia 63 na risasi 37, inayeyuka nyuzi 183 moja kwa moja, haipitii hali ya uji. 60/40 iko karibu sana, inamaliza kuyeyuka karibu nyuzi 190. Isiyo na risasi ya kawaida, SAC305, inayeyuka nyuzi 217 hadi 220, na ile ya bati na shaba nyuzi 227.

Ya risasi ni rahisi zaidi kujifunzia, haihitaji joto kubwa, na kiungo chake kinang'aa kwahiyo kosa unaliona. Lakini risasi ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi hamna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kwa hiyo msimamo wangu uko hivi: kama nyumbani kuna watoto wadogo, au kuna mjamzito, au meza yako ya kazi ndo meza ya kulia chakula, nunua isiyo na risasi na ukubali kwamba itakuchukua muda zaidi kuizoea. Kama una chumba au meza yako mwenyewe na utafuata usafi wa hatua ya 5, ya risasi inatumika.

Sasa feki. Ziko koili zimeandikwa 63/37 kumbe bati ndani ni kidogo, risasi imejazwa maana ni ya bei ya chini. Jinsi ya kuikamata:

Weka pasi yenye kirekebishio kama nyuzi 220, subiri itulie, gusa waya. 63/37 ya kweli inayeyuka papo hapo inakuwa maji. Yenye bati 40 na risasi 60 inahitaji mpaka nyuzi 238 kuyeyuka yote, kwahiyo kwa joto hilo utaona uji mzito unaovutika. Kirekebishio cha pasi yako kinaweza kudanganya, kwahiyo linganisha na solda ambayo unajua ni nzima, hata kipande cha fundi mwenzako. Angalia na rangi, ukiisugua kwenye karatasi nyeupe ikiacha mstari mzito wa kijivu kama penseli ujue risasi imezidi. Na ikiyeyuka bila moshi wowote, ndani haina flaksi, usiinunue.

Unene: 0.8 ukiwa unaanza. Ule wa milimita 1.5 au 2 unamwaga solda nyingi kwa mpigo, utaunganisha miguu ambayo haitakiwi kugusana.

Onyo kuhusu flaksi. Ile ya mabomba na ya mafundi radieta ina asidi, mara nyingi zinki kloridi. Inashika vizuri kweli, ndo maana watu wanaipenda, alafu baada ya wiki kadhaa miguu imeota kutu ya kijani na kifaa kimekufa. Kwenye bodi tumia flaksi ya rozini (utomvu wa msonobari) au ya kopo iliyoandikwa ni ya elektroniki tu.

## Hatua ya 4: Umeme na meza

Anza na plagi. Pasi nyingi zinakuja na plagi ya pini 2, na soketi zetu za Tanzania na Kenya ni za pini 3, kwahiyo watu wanachokonoa tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili vifuniko vifunguke. Acha hiyo. Kwanza haishiki vizuri, inacheza, inatoa cheche. Pili pasi inabaki haina ethi.

Kwanini ethi? Kwanza usalama wako, hita ikipasuka ndani ikagusa ganda la chuma, ethi inaupeleka umeme ardhini na fyuzi inakatika badala ya wewe kuwa njia. Pili kuna vitu kama mosfeti (swichi ndogo ya elektroniki) na chipu vinavyokufa kwa umeme mdogo unaovuja kwenye ncha, umeme ambao hata huuhisi. Ukigusa ncha ya pasi isiyo na ethi kwa bisibisi ya testa na taa ikawaka, hicho ndicho kinachoingia kwenye bodi yako.

Kupima: chomoa pasi kwenye umeme, iwe ya baridi. Weka multimita kwenye ohmu, waya mmoja kwenye ncha, mwingine kwenye pini ndefu ya plagi. Isome karibu na 0, ohmu moja au mbili hivi. Ikisoma wazi kabisa, yani kama vile nyaya hazijagusa kitu, haina ethi. Alafu weka waya mmoja kwenye ncha na mwingine kwenye pini ya laivu, kisha ya nyutro, hapo isisome kitu. Ikisoma, hita inagusa ganda, hiyo pasi ni ya kutupa. Na hakikisha soketi ya ukutani kwako ina ethi kweli, nyumba nyingi tundu lipo lakini waya nyuma haupo, muite fundi umeme aangalie.

Kama pasi ina waya wa nyuzi 2 tu, kuifunga plagi ya pini 3 hakuiletei ethi, ni plagi salama zaidi lakini basi. Kwa kazi yenye chipu, ipashe moto, ichomoe, lehemu haraka ikiwa haina umeme, irudishe.

Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampia 3. Zinauzwa na ya 13, wakati pasi ya wati 60 inakula robo ya ampia tu. Fyuzi ya 13 itaacha waya wa pasi uungue kabla yenyewe haijakatika.

Hili linalofuata lisome mara mbili. Umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa pasi kabla hujainuka. Watu wanaacha imelala mezani, wanaenda nje kukaa, wanalala, saa 8 usiku umeme unarudi na pasi inaanza kupasha moto juu ya karatasi au pembeni ya pazia. Ukutani zima swichi NA chomoa plagi, vyote viwili. Ukiwa na ekstensheni yenye taa nyekundu ni vizuri zaidi, unaona kwa macho.

Meza iwe ngumu, sio kitanda, sio godoro, sio mapajani. Kigae chini, stendi upande wa mkono unaoshikia pasi, waya wa pasi upite nyuma ya meza usining'inie mbele ambapo mtoto au goti litauvuta. Ndoo ya mchanga au kizimamoto cha unga karibu na mlango, na moto ukianza kata umeme kwanza, usimwage maji kwenye kitu kilicho na umeme.

## Hatua ya 5: Jilinde wewe

Moshi. Watu wengi wanadhani ule moshi ni risasi. Sio. Risasi inachemka zaidi ya nyuzi 1,700, pasi haikaribii hapo. Moshi ni wa flaksi, na moshi wa rozini unajulikana kwa kuleta pumu kwa wanaouvuta mara kwa mara. Ubaya wake mwili ukishaanza kuukataa, hata kiasi kidogo baadae kinakubana kifua. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii gesi hizo, usijidanganye nayo.

Dawa ni feni. Chukua feni ya sentimita 12 ya kompyuta, ya volti 12, iweke kama sentimita 15 au 20 kutoka kwenye kazi, ikivuta moshi kwenda upande wa dirisha lililo wazi. Isipulize kuelekea kwenye kazi kwasababu itapoza kiungo na kukurushia moshi usoni. Na kichwa chako kikae pembeni, usiiname moja kwa moja juu ya kazi, moshi unapanda wima na pua yako iko hapohapo. Kama una pumu tayari, bila feni usianze kabisa.

Risasi na mikono. Risasi inaingia kwa mdomo. Unashika waya, unashika chapati, umekula risasi. Kwahiyo usile wala kunywa mezani, usivute sigara, na tafadhali usishike waya wa solda kwa meno kisa mikono yote ina kazi. Nimewaona mafundi wazima wanafanya hivyo siku nzima. Tumia jiliwa ndogo au kishikizo chenye klipu mbili. Ukimaliza nawa kwa sabuni na maji, sanitaiza haiondoi risasi. Meza ifute kwa kitambaa kibichi, usifagie vumbi likapaa. Mabaki weka kwenye kopo lenye mfuniko, usiyachome pamoja na takataka.

Macho. Ukikata mguu wa rezista unaruka kama sindano. Ushike kwa kidole ukikata, au elekeza chini, na vaa miwani. Ile flaksi nayo huwa inaruka, hasa sehemu ikiwa na maji.

Nguo. Pamba ni nzuri, nailoni inayeyuka ikagandia kwenye ngozi. Mtandio ufunge nyuma, mikono mipana ya kanzu au dera ikunje, nywele ndefu zifunge. Viatu vya kufunika, sio ndala. Na pasi ikidondoka iache idondoke, rudisha kiti nyuma. Mkono unataka kuidaka wenyewe, kwahiyo jiambie kabla haijatokea.

Ukiungua: maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, papo hapo. Vua pete na saa kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, usipake yai, asali, mafuta wala mafuta ya taa, na barafu usiiweke. Malengelenge usiyapasue. Likiwa kubwa kuliko kiganja chako, au liko usoni, au limeingia ndani ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, nenda hospitali.

### Vitu ambavyo mtu anayeanza asifungue

Microwave, usiguse, kapasita yake (kifaa kinachohifadhi umeme) inaua hata ikiwa imechomolewa. TV ya chogo, ile bomba lake linabaki na maelfu ya volti. Pawasaplai za kompyuta na chaja kubwa, kapasita kubwa ya ndani inabeba karibu volti 325 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) baada ya kugeuza volti 230 za ukutani, na inaweza kubaki nazo muda baada ya kuchomoa. Ukifika siku ya kuzifungua, kwanza pima DC kwenye miguu ya kapasita kabla hujaweka kidole.

Betri za lithiamu, zile 18650 (za mviringo kama za tochi) na za simu, usilehemu moja kwa moja kwenye betri. Joto linaharibu ndani na inaweza kuwaka moto ambao huuzimi kirahisi. Nunua zenye vibati vilivyoshikizwa tayari kwa mashine, ulehemu kwenye kibati.

## Hatua ya 6: Washa pasi mara ya kwanza

Ncha mpya usiiache ipate moto ikiwa kavu. Weka nyuzi 250 kwanza, na ikianza kupata moto gusisha waya wa solda kila wakati mpaka uone imeanza kuyeyuka, ifunike ncha yote pande zote. Kisha panda mpaka 330 au 350 kwa solda ya risasi, 350 hadi 380 kwa isiyo na risasi.

Safisha kwa kuichoma kwenye nyuzi za shaba mara mbili tatu. Kama unatumia sponji, iwe imelowa ikakamuliwa, isichuruzike maji. Stili waya ya kusugulia sufuria usitumie, ni ngumu, inakwangua lile tabaka la chuma.

Mafanikio yanaonekana hivi: ncha inang'aa kama kioo, solda inaenea juu yake yenyewe. Ikijikunja kidonge ikaanguka, ncha imeungua juu. Shusha joto mpaka 280 hivi, ichovye kwenye flaksi, paka solda nyingi, futa, rudia. Nyingi zinarudi.

## Hatua ya 7: Kiungo cha kwanza

Usianze na kitu unachokipenda. Tafuta bodi ya redio mbovu kwa fundi, atakupa, na pakiti ya rezista.

1. Safisha mguu na pedi (kile kipande cha shaba kwenye bodi unacholehemu mguu) kwa spiriti. Shaba iliyofifia haishiki. Subiri ikauke kabisa, na chupa ya spiriti isogeze mbali maana inashika moto.
2. Safisha ncha, weka tone dogo sana la solda juu yake. Hilo tone ndo daraja la joto, bila hilo ncha inagusa kwa nukta.
3. Gusa pedi na mguu kwa pamoja, ubavu wa ncha. Hesabu moja.
4. Peleka waya wa solda upande wa pili, kwenye mguu na pedi, sio kwenye ncha. Ukiyeyushia kwenye ncha alafu ukabeba kwenda kwenye kazi, flaksi inakuwa imeshaungua njiani, solda inakaa juu tu haijashika. Hili ndo kosa namba moja la wote wanaoniandikia.
5. Ikienea, toa waya kwanza, kisha pasi. Jumla iwe sekunde 2 au 3.
6. Usitikise mpaka igande. Usipulize.

Kiungo kizuri kina umbo la mlima wenye mabega yaliyobonyea kwa ndani, mguu unaonekana umechomoza katikati, na ukingo umelala kabisa kwenye pedi. Cha risasi kinang'aa. Kisicho na risasi kinaweza kufifia kidogo na bado kikawa kizima, usikirudie rudie kisa haking'ai.

Kikiwa duara kama punje ya mtama iliyokaa juu ya pedi, pedi haikupata joto. Kikiwa na mikunjo au chembe chembe, ulitikisa. Vyote viwili weka flaksi, pasha tena sekunde 2, vitajipanga. Miguu miwili ikiungana, weka flaksi na upitishe ncha safi katikati, solda itafuata ncha.

Ukipita sekunde 5 na haijashika, acha, iache ipoe. Kuendelea kushindilia ndo kunakobandua shaba. Mara nyingi ni ncha chafu, au hiyo pedi imeunganishwa na eneo kubwa la shaba linalonyonya joto, hapo tumia ncha pana zaidi badala ya kupandisha nyuzi.

Kutoa kitu kwenye bodi: ongeza solda mpya kwanza. Inashangaza wengi, lakini solda ya zamani imekauka flaksi, ukiichanganya na mpya inalainika yote, ndipo bomba au utambi unaifyonza safi.

## Hatua ya 8: Kuzima

Usisafishe ncha mwishoni. Paka solda nyingi, iache imefunikwa, zima hivyohivyo. Hiyo solda ndo inazuia hewa isiile ncha mpaka kesho. Na katikati ya kazi ukiinuka zaidi ya dakika 5, shusha joto au zima, pasi inayokaa 350 bila kazi ndo inayomaliza ncha.

Chomoa plagi, acha pasi kwenye stendi angalau dakika 15 kabla hujaiweka droo, kwasababu ya moto na ya baridi zinafanana kwa macho. Funga kopo la mabaki, futa meza, nawa mikono. Ukiona ncha ya 2.4D imeanza kuwa na kishimo, nunua nyingine mbili kwa mpigo, maana ile siku unaihitaji ndo siku duka limefungwa.